Jiwe Mbele ya Gurudumu

Malori ya zamani ya kahawa yalikuwa sita nilipoanza kuyapiga picha, na matano niliyaona kwa macho yangu yakiuawa. Sitafuti neno laini zaidi ya hilo. Yalikokotwa hadi nyuma ya ghala pale Nyaishozi, wakaja wanaume wanne na nyundo kubwa na patasi, wakaanza na vioo. Kioo hakikuwa na mnunuzi, lakini mtu ukimpa nyundo huanza na kioo. Baada ya vioo ikafuata milango, kisha bodi, kisha injini. Springi zilikwenda kwa wahunzi, wakazifua mapanga. Miaka ile ukishika panga jipya huku kwetu Karagwe, ujue umeshika mguu wa lori.

Nilikuwa na studio palepale Nyaishozi, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo mchoraji mwenyewe hajawahi kuyaona. Kazi yangu ilikuwa picha za vitambulisho, za kipaimara, za harusi, na za watoto waliolazimishwa kuvaa viatu. Filamu zilipatikana kwa taabu miaka hiyo ya themanini. Kila filamu ilipokaribia mwisho zilibaki nafasi mbili tatu ambazo hakuna mteja aliyezihitaji, na hizo ndizo nilizoyapa malori. Watu walinicheka. Fundi cherehani jirani yangu aliniuliza kama lori litakuja lenyewe kuchukua picha zake au litamtuma mdogo wake. Mara ya kwanza nilimtukana. Mara ya pili nilimpiga ngumi ya shavu, mbele ya wateja wake. Nilikuwa mtu wa hasira, na sifichi.

Lakini malori yale yalinilea. Baba yangu alikuwa mpakizi wa magunia, na chakula chetu kilitoka mgongoni mwake na mgongoni mwa malori hayo. Ulipokuja mwaka wa vita, sabini na nane, jeshi liliyachukua. Nilisimama barabarani nikayaona yakipita yamejaa vijana wanaoimba. Moja lilirudi na matundu ya risasi ubavuni. Ndani ya bodi yake palikuwa na doa ambalo wapakizi walilisugua kwa mchanga na maji ya kijito siku nzima, na mbao zikakataa kuliachia. Msimu ulipofika, baba alipanga magunia ya kahawa juu ya doa lile. Kwa hiyo niliposikia malori yanakatwakatwa, nilishikwa na ghadhabu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilitaka yabaki mahali fulani, angalau kwenye karatasi.

La mwisho kufanya kazi lilikuwa namba nne, lori la pua ndefu. Dereva wake alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, mkazi wa Isingiro, ambaye wazazi wake walivuka naye kutoka Rwanda akiwa mtoto wa mgongoni. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, mpole, mwenye viganja vipana. Lori lake alikuwa akilifahamu kuliko alivyofahamu mwili wake. Stata ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila alikokwenda aliliegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili liwake kwa kuserereka. Breki ya mkono nayo ilikuwa imekufa, na gia ilikuwa ikichomoka yenyewe. Kilicholishikilia lori ni mawe mawili mbele ya magurudumu ya mbele. Alipofika mahali hakumsalimia mtu yeyote kabla hajaweka mawe. Hata padri alingoja. Akishaweka mawe, ndipo anajifuta mikono na kuanza salamu, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu.

Ulipofika msimu uliosemwa kuwa ndio wa mwisho kwa namba nne, nilimwomba nifuatane naye.

"Piga picha zako unavyotaka, kijana wangu," aliniambia. "Neno moja tu. Lori langu usiliguse."

Nikamwambia, "Sitaligusa, mzee."

Tulifika Kamuli asubuhi, jua limeshapanda juu ya migomba lakini bado lina rangi. Lori liliegeshwa juu ya mteremko mfupi. Chini yake, hatua arobaini hivi, palikuwa na ghala la chama cha msingi cha ushirika, na njia ilikata kulia kabla ya kulifikia. Mbele ya ghala wanawake saba au wanane walikaa kwenye majamvi wakichambua kahawa. Wapakizi walinung'unika kupandisha magunia mlimani, lakini walilijua lori lile, wakapandisha. Dereva aliweka mawe yake, akasalimia, akaingia ghalani kutazama karatasi za mzigo.

Nililala kifudifudi mbele ya lori. Mwanga ulikuwa unapiga ubavu wa kushoto, ukaingia kwenye kila mkunjo wa bati, na nikajua kwamba hii ndiyo picha. Ila jiwe lilikuwa linaniharibia. Lilikuwa jiwe kubwa, bapa, lililoficha gurudumu karibu nusu, na lori likaonekana mgonjwa aliyeegemezwa. Mimi nilitaka lisimame kwa miguu yake. Nikajiambia kuna jiwe jingine upande wa pili. Nikalichukua kwa mikono miwili na kulilaza kwenye majani, taratibu, lisitoe sauti.

Lori halikutikisika. Nikapiga picha ya kwanza, nikapiga ya pili. Nilikuwa nazungusha filamu kwa ajili ya tatu, nikijiahidi kulirudisha jiwe baada ya hiyo, mpakizi mmoja alipolitupa gunia lake juu ya mengine kwa nguvu zake zote. Lori zima liliitikia. Nikasikia kokoto zikisagika upande wa pili.

Ningeweza kupiga kelele, mdomo nilikuwa nao. Badala yake niliruka pembeni nikiwa nimeikumbatia kamera, na namba nne likanipita.

Wapakizi ndio waliopiga kelele. Wanawake walitawanyika, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameligeuzia lori mgongo, ameinama anafunga mdomo wa gunia. Aligeuka kwa sauti za wenzake. Lori lilimbana kwenye ukuta wa ghala, na matofali yakamwagika juu ya pua ya lori. Alikufa kabla vumbi halijatua. Nilimwona mguu mmoja, wenye ndara ya kijani, na sikuona zaidi kwa sababu niliyafumba macho.

Kisha ikapigwa enduru. Ni ukelele wa juu, mrefu, unaopokewa kibanja kwa kibanja, shamba moja la migomba hadi jingine, mpaka mlima wa pili. Ukiusikia unaacha ulichoshika, unachukua chenye ncha au chenye uzito, unakimbia. Asiyekimbia ataulizwa baadaye. Na mkosaji akishakamatwa, kila mwanamume aliyefika humgusa kwa kile alichokuja nacho, hata mara moja tu, ili kesho asiwepo wa kukaa pembeni na kusema yeye hakuwamo. Nimekulia katika utaratibu huo, na wakati ule sikuwahi kuutilia shaka.

Dereva yeyote mwenye akili zake angetoka ghalani na kukimbilia migombani, asisimame mpaka kituo cha polisi. Ndivyo wanavyofanya wote. Huyu alikimbilia lori. Aliweka bega chini ya bampa akasukuma, miguu inateleza kwenye kahawa iliyomwagika.

"Nisaidieni!" alikuwa akilia. "Waitu, jamani, nisaidieni!"

Alikuwa bado anasukuma walipomfikia.

Mume wa marehemu alitoka kwenye kibanja chake cha jirani akiwa na mpini wa jembe. Alimtazama mkewe mara moja, akauliza dereva ni nani. Mtu akamwonyesha. Mwingine akaongeza, "Ni yule Mnyarwanda." Nilisikia jinsi neno lile lilivyowarahisishia kazi. Pigo la kwanza lilikuwa la mume, la shingoni, na mzee akaanguka kwenye majamvi. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Fimbo, mateke, ubapa wa panga. Sauti yake ilikuwa inataja Bikira Maria, kisha ikawa haitaji mtu. Wawili walimnyoosha mkono wa kulia juu ya tofali na mume akaupiga kwa mpini, tena na tena.

"Mkono huu!" alisema. "Mkono huu ndio uliomuua mke wangu!"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka pale, kamera shingoni. Mume alipoinua kichwa kuvuta pumzi, akaniona. Akaokota fimbo chini akanipa.

"Na wewe unatazama nini?"

Dereva alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, la pili limenielekea. Lilikuwa jicho la mtu anayengoja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu: ni mimi, nimeondoa jiwe. Niliyahisi kwenye ulimi. Nikaona mapanga, nikaona damu kwenye mpini, nikampiga dereva mgongoni. Kisha nikampiga tena. Mara ya pili hakuna aliyeniambia.

Hakuokolewa na huruma ya mtu. Bibi mmoja mzee, mama mkwe wa marehemu, alifika akipepesuka, akatutazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mko wengi hapa. Yule pale nani atambeba?" Wanaume wanaoitikia enduru ndio wanaobeba maiti, na hilo nalo lina utaratibu wake. Wakaziacha fimbo mmoja mmoja. Wakalisukuma lori nyuma, wakamfunga marehemu kwenye machela. Mimi nilikuwa mmoja wa wabebaji. Bega langu la kulia lilichukua uzito wake mpaka kwake, na njiani niliimba na wenzangu pambio zote nilizozijua.

Mzee alipelekwa hospitali kwa gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapita. Mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Polisi walimwuliza ilikuwaje, naye akasema hajui, alikuwa ndani. Wakaandika kwamba lori lilikuwa bovu na dereva aliliacha bila kulizuia vizuri. Waliniuliza na mimi. Nikasema nilikuwa nimegeuka, napiga picha za migomba.

Filamu niliisafisha kesho yake. Nilifunga mlango wa studio mchana, nikatundika mablanketi, nikaona zile picha mbili zikijitokeza kwenye maji. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile. Lori limesimama lenyewe, zito, kila mkunjo unaonekana, na mbele ya gurudumu la kushoto hakuna kitu. Nikaitia filamu na karatasi zake kwenye jiko la mkaa. Chumba kilinuka siku mbili.

Namba nne lilikokotwa hadi Nyaishozi wiki hiyohiyo. Sikwenda kulipiga picha likivunjwa, lakini studio haikuwa mbali, na nyundo nilizisikia zote. Kila zilipolia nilikuwa nauona mkono ule juu ya tofali. Nikaanza kupigana hovyo. Fundi cherehani nilimng'oa jino kwa sababu aliniambia pole. Mteja aliyelalamika kwamba ametoka mweusi mno nilimsukuma akavunja kioo cha mlango wangu. Siku moja mke wangu aliniuliza kwa nini siku hizi sizungumzii malori, nikamzaba kibao ambacho mpaka leo kinaniunguza kiganja. Alichukua mtoto akarudi kwao, na baba yake akakataa hata kunisikiliza. Nilistahili.

Yote hayo niliyafanya badala ya kufunga safari moja ya kwenda Isingiro. Habari za mzee zilinifikia bila kuzitafuta. Hakuna aliyempa kazi. Walimwita muuaji, na wanawe shuleni waliitwa watoto wa muuaji. Na kila siku ya gulio yule mume, aliyekuja kuuza ndizi, akimpita njiani alimtemea mate miguuni. Misimu miwili ya kahawa ilipita hivyo. Msimu wa tatu ulipoanza nilikwenda.

Nilimkuta uani anamenya ndizi. Alikuwa ameibana ndizi katikati ya magoti, kisu mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Mzee, siku ile Kamuli..."

"Jiwe lilikuwa kwenye majani," alisema. "Limelazwa vizuri. Lori likiruka jiwe hulisukuma au hulisaga, halilibebi likalilaza pembeni. Nililiona kule juu nilipotoka ghalani, kabla hamjaanza kunipiga."

Nikakaa kwenye udongo. "Kwa nini hukusema?"

"Wangekuacha? Wangekuua, na mimi wasingeniacha. Nikasema atasema mwenyewe, watu wakitulia. Nikakungoja hospitali. Nikakungoja hapa." Alitupa ndizi kwenye sufuria. "Fimbo yako nilikusamehe. Ile ya kwanza."

Nililia kwa sauti, kama mtoto. Aliniacha nilie, kisha akaonekana kuchoka nami.

"Usinililie, bwana. Nenda kwa mwenye mke. Mimi sidai mkono, mkono umeshaoza. Nataka anisalimie. Basi. Anitazame, anisalimie, wanangu wakiona."

Nilikwenda Kamuli kesho yake. Mume nilimkuta kibanjani anapunguza majani ya migomba kwa panga. Alinikumbuka, akanikaribisha, akataka kuniletea rubisi. Nikakataa kunywa kabla sijasema. Nikamweleza yote, jiwe, picha, gunia, sikupunguza kitu. Alisikiliza panga likiwa limening'inia mkononi. Nilikuwa tayari anikate. Nadhani nilitaka anikate.

"Kwa nini umeniletea hili?" aliuliza.

"Kwa sababu yule mzee hana kosa."

"Mimi nilimpiga mpaka mkono ukafa." Alizungumza polepole, kila neno peke yake. "Wanangu wakiniuliza ulifanya nini mama alipokufa, nawaambia nilimpiga aliyemuua. Ndicho ninacholalia. Sasa wewe unakuja kuninyang'anya hicho, unaniachia nini? Kwamba nilimvunja mzee wa watu bure?"

"Msalimie tu. Hataki kingine."

"Nikimsalimia watu watauliza kwa nini." Aliniwekea ncha ya panga kifuani, bila hasira, akaegemea kidogo mpaka shati likatoboka na nikahisi damu ikishuka. "Hukuja hapa. Ukilisema hili kwa mtu mwingine yeyote, nitapiga enduru palepale ulipo, nitasema umekiri kwangu kwamba ulimuua mke wangu kwa makusudi. Unajua wanavyokuja."

Nilijua wanavyokuja. Nikaondoka kinyumenyume mpaka barabarani, na sikulisema kwa mwenyekiti wala kwa mchungaji, ingawa ningeweza. Nilijiambia kwamba mtu akilala na jambo hulainika, kwamba siku ya gulio atafikiri tofauti. Nililitaka sana liwe hivyo.

Siku ya gulio nilirudi Isingiro, nikamkuta mzee ameoga mapema. Alivaa koti lake la misa, mkono mtupu umefungwa vizuri kwa pini, akasimama kando ya njia pamoja na mke wake na wanawe wawili waliovalishwa mashati safi.

"Ulikwenda?" aliniuliza.

"Nilikwenda."

"Ukamwambia yote?"

"Yote, mzee."

Alitabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake tangu Kamuli, na mawili hayakuwepo. Nilifungua kinywa nimweleze jibu nililopewa, nikayatazama yale mashati safi, nikashindwa.

Mume alikuja akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Mzee alitoka mbele ya watu, akainua mkono wake wa kushoto.

"Habari za nyumbani, ndugu yangu?"

Mume alisimamisha baiskeli. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda. Kisha akatema mate, pale pale miguuni, akaendelea kusukuma baiskeli yake kuelekea sokoni. Watoto walikuwa wanatazama.

Mzee alibaki na mkono wake hewani, kisha akaushusha. Hakukasirika. Alinigeukia.

"Hukwenda," alisema.

"Nilikwenda, mzee. Naapa kwa Mungu nilikwenda. Tazama hapa kifuani..."

Nilikuwa nafungua vifungo vya shati. Hakungoja nimalize.

"Hukwenda," alisema tena, akamshika mwanawe mdogo mkono, wakarudi nyumbani kwa njia ya migombani, ambako hakuna watu.